Walioigiza Vizuri na Tuzo Zikawapita: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Ijumaa baada ya sala ya Isha tunatandika majamvi uani kwenye nyumba moja ya Mkunazini, mjini Zanzibar, tunafunga shuka jeupe ukutani na tunaangalia picha moja. Ikimalizika, taa huwashwa, kahawa inazunguka, na watu wanaanza kuuliza. Maswali mengi hurudi yaleyale. Tumeyaandika hapa pamoja na majibu yetu, kwa ajili ya wageni wapya na kwa ndugu zetu wa Pemba waliotuambia wanataka kuanzisha baraza kama hii kwao.

Kwa nini mnachagua picha ambazo waigizaji wake hawakupata tuzo? Walioshinda wana kasoro gani?

Hawana kasoro, ila wana wa kuwasemea. Mwanzo na sisi tulikuwa tukifuata orodha za washindi, mwaka baada ya mwaka. Usiku mmoja tulikuwa tukimsifu mwigizaji aliyelia vizuri sana, bibi mmoja anayekaa karibu na mlango akauliza: "Na yule aliyekuwa akimsikiliza, mbona hamumsemi?"

Tukairudisha picha nyuma tukaiangalia tena ile sehemu, safari hii macho yetu yote kwa msikilizaji. Alikuwa ameshika kikombe. Hakunywa wala hakukiweka chini mpaka mwenziwe alipomaliza kusema. Hapo ndipo tulipoona kwamba kilio tulichokisifu, nusu yake ilikuwa kazi ya yule mwenye kikombe. Jina lake halikuwemo kwenye orodha yoyote tuliyokuwa tukiifuata. Tangu siku hiyo tunawatafuta watu wa namna yake.

Mnaposema mtu "amepitwa na tuzo", mnamhesabu nani?

Wapo walioteuliwa wakashindwa. Peter O'Toole aliteuliwa kwa Oscar mara 8, ya kwanza kwa Lawrence of Arabia ya 1962, na hakushinda hata mara moja. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya heshima. Glenn Close naye ameteuliwa mara 8 akarudi mikono mitupu. Hao tunawaonea imani, lakini majina yao yalisomwa na dunia ikayasikia.

Sisi hasa tunawatafuta wale ambao majina yao hayakusomwa kabisa. Chukua Toshiro Mifune wa Japani. Majaji wa tamasha la Venice walimpa tuzo ya mwigizaji bora mara mbili, 1961 na 1965. Oscar haikumteua hata mara moja maisha yake yote. Mtu ni yuleyule na uso ni uleule. Tofauti ni nani aliyekaa kitini kumtazama.

Hizo tuzo za Oscar huamuliwa vipi?

Zinatolewa na Akademia ya filamu ya Marekani tangu 1929. Kwa waigizaji zipo nne: mwigizaji mkuu wa kiume, mwigizaji mkuu wa kike, na wasaidizi wao wawili, ambao waliongezwa kuanzia filamu za 1936. Wanaoteua ni wanachama wa tawi la waigizaji peke yao, na kila tuzo inapata majina matano. Baadaye wanachama wa matawi yote, kuanzia wapiga picha hadi washona mavazi, hupiga kura ya mwisho.

Hapo katikati pana milango miwili inayowaacha watu nje. Wa kwanza ni kwamba filamu lazima iwe imeoneshwa kwenye jumba la sinema katika miji maalumu ya Marekani, siku 7 mfululizo. Picha ya Dakar au Bamako ambayo haikupata mtu wa kuisambaza kule haifiki hata mezani. Mwigizaji wake hakukataliwa na mtu, hakuonekana tu.

Mlango wa pili ni pesa. Kampuni kubwa hulipia matangazo, huandaa maonesho ya faragha kwa wapiga kura, huwapeleka waigizaji wao kwenye mahojiano usiku na mchana kwa miezi. Na kwa miaka mingi mpiga kura hakutakiwa kuthibitisha kwamba ameziangalia filamu zote kabla ya kuchagua mshindi. Sharti la kuziangalia zote kwanza lilitangazwa 2025. Tulipowaeleza watu hilo uani, walinyamaza kidogo, kisha mzee mmoja akasema kwamba hata kwenye mashindano ya kusoma Kurani ya watoto wa mtaani jaji anayesinzia huamshwa.

Inakuwaje filamu ipewe tuzo chungu nzima, halafu waliocheza ndani yake wasitajwe?

Hili linatuuma kuliko yote. The Last Emperor ya 1987, kisa cha mfalme wa mwisho wa China, iliteuliwa kwa tuzo 9 ikashinda zote 9. Hakuna mwigizaji hata mmoja aliyeteuliwa. Crouching Tiger, Hidden Dragon ya 2000 iliteuliwa mara 10 ikashinda 4, waigizaji, hakuna. Slumdog Millionaire ya 2008, mara 10, ikashinda 8, waigizaji, hakuna. Parasite ya Korea Kusini, 2019, ilichukua 4 ikiwemo ile ya filamu bora ya mwaka, na Song Kang-ho, baba wa ile familia ya chini ya ardhi, hakuteuliwa. Life of Pi ya 2012 iliteuliwa mara 11. Humo kijana Suraj Sharma, ambaye hakuwahi kuigiza kabla, yumo baharini karibu picha nzima peke yake na chui milia ambaye kwa sehemu kubwa hakuwepo mbele yake, aliwekwa baadaye kwa kompyuta. Kijana anaogopa, anatapia maji, anabembeleza, anapatana na hewa tupu, na wewe unaamini kwamba mnyama yupo. Walituzwa walioutengeneza ule mnyama. Aliyetufanya tuamini hakutajwa.

Wengine husema sababu ni lugha: mpiga kura anasoma maandishi chini ya skrini na uso unampita. Inawezekana kwa sehemu. Lakini The Last Emperor inazungumzwa Kiingereza, na Life of Pi pia kwa kiasi kikubwa. Upande wa pili, Sophia Loren alishinda 1962 kwa picha ya Kitaliano, Roberto Benigni 1999 kwa Kitaliano vilevile, na Marion Cotillard 2008 kwa Kifaransa. Kwa hiyo lugha peke yake haitoshi kuwa jibu. Tunavyoona sisi, mtu akizitazama nyuso za mbali kama sehemu ya mandhari, atasifu mandhari, atasifu mavazi, muziki na mwongozaji, na wale watu atawaona kama walikuwepo tu, kama minazi ilivyo ufukweni.

Mkilazimishwa kumtaja mmoja tu, ni nani?

Balraj Sahni, ndani ya Do Bigha Zamin ya 1953, iliyoongozwa na Bimal Roy.

Wazee wetu waliokulia Majestic ya Vuga na Cine Afrique ya Malindi hawahitaji kuelezwa ukubwa wa picha za Kihindi katika mji huu. Kwa vijana tunaeleza kidogo. Shambu ni mkulima mwenye kipande cha ardhi. Mwenye nguvu wa kijiji anakitaka ili kijengwe kiwanda, na deni la rupia 65 linageuzwa 235. Shambu anakwenda Calcutta na mwanawe mdogo kutafuta hizo pesa, na kazi anayoipata ni kuvuta riksho, yeye mwenyewe akiwa mahali pa farasi.

Tulipoionesha, alikuwepo mzee ambaye ujanani alikuwa hamali, akisukuma mkokoteni kutoka bandarini Malindi hadi Darajani. Hakusema kitu picha nzima. Ilipokwisha akainuka, akanyoosha mikono mbele kama aliyeshika mipini, akasema: "Asiyewahi kuvuta huvuta kwa mikono. Huyu anavuta kwa kiuno, na mikono anaiacha ishike tu. Huyu amevuta." Tukamwambia kwamba Sahni alikuwa msomi wa Kiingereza kutoka Lahore, aliyefanya kazi BBC London wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mzee hakukubali. Naye alikuwa na haki, kwa sababu kabla ya kupigwa picha Sahni alikwenda kuvuta riksho kweli kwenye mitaa ya Calcutta, na akakaa na wavutaji wenyewe akawasikiliza habari zao.

Ipo sehemu abiria wanashindana, mwanamume anamfukuza mwanamke aliyepanda riksho nyingine, na kila Shambu akichoka abiria anamwongezea dau: endesha, nitakuongeza, endesha. Angalia uso wa Balraj hapo. Mwanzo anafurahi kwa zile pesa. Kisha furaha inabaki mdomoni wakati macho yameshaingia hofu, na miguu haiwezi tena kusimama hata angetaka. Gurudumu linachomoka. Hakuna hotuba wala kilio.

Tuzo za Filmfare za India zilitolewa kwa mara ya kwanza 1954. Filamu bora ilikuwa hii, mwongozaji bora alikuwa Bimal Roy wa hii hii. Mwigizaji bora alikuwa Dilip Kumar, kwa picha nyingine iitwayo Daag. Dilip Kumar ni bahari, hatumpunguzii kitu, na Filmfare yenyewe ilimpa tuzo hiyo mara 8 kwa jumla. Ila kila tunapoirudia riksho ile tunajiuliza filamu bora ingekuwaje bora bila ya aliyeivuta.

Hiyo ni ya zamani na haina rangi. Hakuna ya karibuni?

Irrfan Khan katika The Lunchbox, 2013. Mke wa nyumbani Mumbai anampikia mumewe na kumpelekea chakula kazini kwa wale wachukuzi wa mikebe. Mikebe inapotea njia na kumfikia karani mmoja mjane anayekaribia kustaafu. Wanaanza kuandikiana barua fupi ndani ya mikebe.

Irrfan kwenye picha hii karibu hafanyi kitu. Anafungua mkebe, ananusa, anasita. Kule kusita ndiko kunakokwambia kwamba kwa miaka huyu mtu amekula bila kuonja. Baadaye wanapanga kukutana hotelini. Mwanamke anafika na kumngoja. Yeye naye amefika, amekaa meza ya mbali, anamwangalia, na hasogei. Ameona ujana wa yule mwanamke. Asubuhi hiyo aliingia chooni kwake akasikia harufu aliyoijua ya babu yake, na kumbe harufu ni yake mwenyewe. Uani kwetu wanaume wenye umri walitulia kabisa kwenye sehemu hiyo. Mmoja alitoka nje kidogo akarudi.

Kamati ya India mwaka huo ilipeleka picha nyingine kuiwakilisha nchi kwenye Oscar, na mlango huo ukafungwa kwa The Lunchbox. Irrfan alifariki Aprili 2020. Tuliposikia, tuliionesha tena ndani ya nyumba tukiwa watu wanne.

Nikiangalia picha iliyotafsiriwa na DJ, au tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, je, nimemwona mwigizaji?

Umemwona nusu, na hiyo nusu ina thamani. Wengi wetu tulijifunza kupenda sinema kwenye vibanda vya video, sauti ya msimuliaji ikiwa juu ya kila kitu. Tusidharau. Ila msimuliaji ana tabia ya kujaza ukimya, na ukimya mara nyingi ndipo kazi ilipo.

Mfano wetu ni Mbissine Thérèse Diop, katika picha ya Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, ya 1966, La Noire de..., kisa cha Diouana, msichana wa Dakar anayechukuliwa na Wafaransa kwenda Antibes akidhani atalea watoto, kumbe ni kudeki, kupika na kufungiwa ndani. Sauti unayoisikia ikisema mawazo yake si ya Diop. Ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Diop aliyekuwa mbele ya kamera hakuwa na silaha nyingine ila mwili wake.

Nao unatosha. Anaingia kwenye ile nyumba na viatu vyake vya visigino na nguo yake nzuri, anadeki navyo, kwa sababu hakuja kuwa mtumishi wa kudeki. Bi mkubwa wa Kifaransa anamwamrisha avivue. Kila siku inayopita mabega ya Diop yanashuka kidogo, mpaka siku anapokwenda kuung'oa ukutani ule uso wa mbao aliowapa kama zawadi alipokuwa mgeni kwao. Sasa anautaka urudi. Mkono haumtetemeki. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi za ndani Uarabuni aliangalia picha hii na sisi na akaomba tuisimamishe hapo hapo, kwenye mkono. Tukaisimamisha. Hakusema kwa nini, na hatukumuuliza.

Filamu ilipata tuzo ya Jean Vigo Ufaransa mwaka huohuo. Kwa mwongozaji, bila shaka alistahili. Diop tunamtaja sisi.

Sembène huyohuyo hakuwa na mwigizaji mwingine wa kike?

Yupo Fatoumata Coulibaly wa Mali, ndani ya Moolaadé ya 2004, iliyoshinda tuzo ya Un Certain Regard kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa. Anamcheza Collé, mama anayewahifadhi wasichana waliokimbia ukeketaji kwa kufunga kamba tu mlangoni mwa ua wake. Kijiji kizima hakithubutu kuivuka ile kamba mpaka yeye mwenyewe atamke neno la kuivunja. Mumewe anaambiwa amchape mbele ya watu mpaka alitamke. Anachapwa, na halitamki. Coulibaly alikuwa mtangazaji, na nje ya picha alikuwa akiipiga vita desturi hiyohiyo kwao Mali. Ukimwona anavyobana midomo unajua hakuhitaji kufundishwa kwa nini. Tunaionesha kwa watu wazima tu.

Kwa nini picha za kutisha na za kuchekesha hazipati tuzo za uigizaji?

Zinapata, lakini kwa nadra sana. Watu wazito huogopa kuonekana wamefurahishwa au wametishwa.

Lupita Nyong'o tunamjua wote: Oscar ya 2014, Afrika Mashariki nzima ikashangilia. Lakini kazi yake kubwa zaidi kwa maoni yetu ni Us ya 2019, ambapo anacheza watu wawili, mama na kivuli chake. Kivuli kinazungumza kama mtu anayevuta pumzi ndani badala ya kuitoa, sauti aliyoitoa kwenye maradhi halisi ya misuli ya koo. Fumba macho uisikilize, kisha fumbua umwangalie yule mwingine akiwa amekaa mbele yake akitetemeka, na ukumbuke kwamba hao wawili hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Wahakiki wa New York walimchagua mwigizaji bora wa kike wa mwaka. Oscar hata haikumteua.

Anthony Perkins hakuteuliwa kwa Psycho ya 1960, ingawa mwenziwe Janet Leigh na mwongozaji waliteuliwa. Toni Collette hakuteuliwa kwa Hereditary ya 2018. Ile meza ya chakula cha jioni pekee ingetosha. Na Charlie Chaplin, ambaye amechekesha watoto wa kila bandari duniani, hakushinda Oscar ya uigizaji. City Lights yake ya 1931 haikuteuliwa kwa kitu chochote. Iangalie mwishoni, pale muuza maua aliyekuwa kipofu anapoushika ule mkono na kuutambua.

Uani mnamtaja na Denzel Washington wakati ana Oscar mbili. Huko si kupitwa.

Kweli, na kwenye Malcolm X ya 1992 aliteuliwa. Tunavunja kanuni yetu kwa ajili yake kwa sababu hakuna picha inayojaza ua wetu kama hii, na kwa sababu inaonesha jinsi tuzo zinavyolipa madeni yaliyopita muda.

Mwaka 1975 Al Pacino alishindania Oscar kwa The Godfather Part II, akapewa Art Carney. Miaka ikapita, Pacino akiteuliwa na kukosa. Mwaka 1993 wakamlipa kwa Scent of a Woman, na aliyekaa kitini akikosa usiku huo alikuwa Denzel na Malcolm X yake. Denzel naye akaja kulipwa 2002 kwa Training Day, kama polisi mwovu. Kila mmoja alipata chake, lakini hakuna aliyepata kwa kazi yake halisi.

Watu huja kwa sababu ya Makka; filamu hii ya hadithi ilipata ruhusa ya kupiga picha ndani yake, na waliotumwa kupiga walikuwa Waislamu. Sisi tunawaomba wangoje mpaka ile safari ya mwisho ya Malcolm kuelekea ukumbini alikouawa. Kamera na Denzel wanasogea pamoja, hata inaonekana kama hatembei bali anachukuliwa. Usoni pake kumetulia. Mtu anayejua anakopelekwa na hageuki.

Na watoto?

Abraham Attah, mtoto wa Ghana, katika Beasts of No Nation ya 2015. Hakuwahi kuigiza. Venice walimpa tuzo ya mwigizaji chipukizi, chama cha waigizaji wa Marekani kikampa mwenziwe Idris Elba tuzo ya mwigizaji msaidizi, Oscar haikumteua yeyote kati yao. Ule ulikuwa mwaka wa pili mfululizo ambapo walioteuliwa wote 20 kwenye tuzo za uigizaji walikuwa weupe. Picha yenyewe ni nzito, haifai kwa watoto wenzake.

Mtu akiigiza kwa Kiswahili, anaweza kufika huko?

Kanuni haikatazi lugha. Kinachochanganya watu ni ile tuzo ya filamu ya kimataifa: kila nchi hupeleka picha moja, na tuzo ni ya picha. Waigizaji wake hawaingii kwenye mashindano ya waigizaji mpaka picha iwe imeoneshwa kule Marekani kwa masharti tuliyoyataja juu. Tanzania imewahi kupeleka Maangamizi mwaka 2001, na baada ya zaidi ya miaka 20 ikapeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi.

Hii ya pili ni yetu kwa kila hali. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin anaikimbia ndoa ya kulazimishwa na mtu mzima, anahifadhiwa Ng'ambo na Mwajuma, anampenda Denge aliyeko kwenye harakati za uhuru. Ikapokelewa kwenye tamasha la Toronto 2021, na tamasha la Carthage, Tunisia, likaipa tuzo yake ya Tanit ya fedha. Ikhlas Gafur Vora anamcheza Yasmin kwa macho zaidi kuliko maneno. Lakini tunaomba mumwangalie Siti Amina, ambaye wengi mnamjua kwa kuimba, akiwa Mwajuma. Namna anavyokaa, anavyomkaribisha mtu bila kumuuliza kwanza kilichomleta. Wapo wanawake wa Ng'ambo waliotuambia wamemwona shangazi yao. Tuzo ya namna hiyo haina sanamu, na sisi tungependa awe nayo na ya sanamu pia.

Ndiyo maana tunasisitiza watu waende Ngome Kongwe wakati wa tamasha letu la filamu la kimataifa, lililoanzishwa 1997. Msingoje majina ya mbali. Mwigizaji wa Komoro, wa Pemba au wa Madagaska akipita kwenye skrini ile, yupo mbele yetu kabla hajapitwa na mtu mwingine.

Kwa majirani, mtafuteni Oliver Litondo wa Kenya katika The First Grader ya 2010. Anamcheza Kimani Maruge, mzee wa kweli aliyejiandikisha darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84 baada ya serikali kufuta ada za skuli za msingi. Anarudishwa getini. Anakwenda kukata suruali yake iwe kaptura, anavaa soksi ndefu, anarudi. Litondo anapita na kaptura ile bila kutaka umcheke wala umwonee huruma, na hilo ni gumu sana.

Mimi si mtaalamu. Nitajuaje uigizaji mzuri?

Zima sauti kwa dakika mbili. Kama bado unaelewa nani anamwogopa nani, kuna mtu anafanya kazi. Kisha washa sauti umwangalie asiyezungumza. Angalia na mikono: mvuvi akishika kamba, mpishi akishika upawa, mama akimfunga mtoto. Mtu wa hapa anajua mkono uliozoea na usiozoea, na huo ni utaalamu tosha. Yule hamali wetu hakusoma popote.

Nina usiku mmoja tu. Nianze na ipi?

Do Bigha Zamin, na usiizime kabla haijafika mwisho. Shambu amerudi kijijini na mkewe na mtoto. Ardhi imekwenda, kiwanda kinajengwa, wao wako nje ya uzio. Anapenyeza mkono, anachota gao moja la udongo. Mlinzi anamkaripia, anadhani ameiba kitu. Balraj Sahni anafumbua kiganja ili aone ni udongo tu, na unamwagika.